Namba Sita ya Kijiko na Vijiti

Kulikuwa na mambo mawili ambayo fundi sauti Tak Hye-ran hakuwahi kumwambia mtu: umri wake halisi, na kile ambacho waimbaji wake walikuwa wanakisikia kwenye hedifoni. La kwanza kila mtu alilijua, kwa sababu nusu ya mafundi wa mtaa wa Euljiro alisoma nao. La pili alilifungia kifuani, na wala hakulionea shida.

Waimbaji ni watu wa ajabu. Ukitaka kuwajua usiwatazame jukwaani. Waulize wanataka masikioni wawekewe nini wakati wanarekodi. Kuna kijana mmoja mashuhuri, picha yake imebandikwa kwenye vituo vyote vya mabasi, ambaye hawezi kutoa neno mpaka sauti yake ifichwe nyuma ya ngoma, maana akijisikia tu anasahau maneno. Kuna mama wa kwaya, mnyenyekevu kupita kiasi, anayetaka kujisikia yeye tu na wenzake wote wakae mbali kama majirani wa ghorofa ya chini. Hye-ran aliwapa kila mmoja alichotaka na hakucheka mbele yao. Akifika nyumbani alicheka peke yake.

Zamani alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari. Halafu akanunua mtambo wa usikilizaji, kiboksi cha kijivu chenye safu za vitufe na taa ndogo, na maisha yakawa mepesi. Unapanga sauti za kila hedifoni na ukubwa wa kila spika, mteja akiridhika unashikilia kitufe cha namba yake kwa sekunde tatu mpaka taa ipepese, na mpangilio umehifadhiwa. Mteja akirudi, hata ikipita miaka, unabonyeza namba ile mara moja na kila kitu kinarudi kilipokuwa. Nafasi zilikuwa thelathini, na chini ya kila kitufe Hye-ran alikuwa amebandika kikaratasi chenye jina. Namba sita iliandikwa Kijiko na Vijiti.

Kijiko na Vijiti walikuwa mume na mke. Maeng Chun-sik, miaka sabini, ndiye aliyekuwa Kijiko: mnene, mchangamfu, mtu wa kuchota kabla ya wenzake. Ok Bun-rye, miaka sitini na sita, ndiye Vijiti, kama vile vya kulia wali: mwembamba, kasimama wima, hana neno la ziada. Waliimba zile nyimbo za kizamani za kuchezesha mabega, ambazo vijana wanazibeza mchana na kuziimba kwa machozi wakishalewa. Hawakuwahi kuwa mastaa. Lakini hapakuwa na sherehe ya mavuno wala kikao cha wastaafu ambacho hawajawahi kualikwa, na Hye-ran, ambaye kazini alisikiliza sauti za kila aina mpaka zikamchosha, za hawa wawili hakuzichoka. Aliwapenda, na hilo halikuwa siri.

Jumanne moja ya mwisho wa Novemba, saa nne asubuhi, Bun-rye alipanda ngazi peke yake. Mumewe alikuwa bado anazunguka mtaani akitafuta pa kuegesha gari. Akavua viatu mlangoni, akavaa ndara, akaingia moja kwa moja kwenye jiko dogo la Hye-ran, alikokuwa anachemsha chai ya shayiri.

"Fundi Tak, funga mlango."

Hye-ran akafunga. Bun-rye akakaa kwenye kigoda na kuanza kulikanda goti lake bovu.

"Wimbo wa leo ndio wa mwisho. Nikiurekodi, naacha."

"Unaacha nini, dada?"

"Kuimba na yule mzee. Aimbe peke yake. Kwani siku zote anaimba na nani?"

Hye-ran akaweka birika chini. Bun-rye hakuwa mtu wa kulia lia, na hata sasa hakulia. Alisimulia kama anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. Jumamosi iliyopita walialikwa kwenye sherehe ya vitunguu saumu, kwenye wilaya moja huko kusini. Kwenye ubeti wa kwanza betri ya maiki yake ikafa.

"Wimbo mzima natafuna hewa. Watu wa mbele wananioneshea vidole. Bibi mmoja kasimama kabisa juu ya kiti anapiga kelele, 'Mama hasikiki! Mama hasikiki!' Na yeye? Anaimba, anatabasamu, anatikisa makalio. Tumeshuka jukwaani ananiambia, 'Leo, Mama Danbi, tumeimba vizuri kuliko siku zote.'"

"Hakujua?"

"Hakujua! Hicho ndicho kinachoniuma. Angenifanyia makusudi, ningemnunia wiki moja yakaisha. Lakini nimenyamaza wimbo mzima pembeni yake na hakugundua kwamba sipo." Akaacha kulikanda goti. "Mwanetu Danbi anataka mtu wa kumsaidia kuchachusha kabichi za kimchi kwenye duka lake kule Daejeon. Nitaenda. Nitamwambia baba yake leo kwenye gari, tukishamaliza. Wewe usifungue mdomo. Sitaki aimbe vibaya."

Mwanamke anamwacha mtu, na bado anahofia asiimbe vibaya. Hye-ran alitaka kumshika mkono, lakini hakuthubutu. Kwa sababu yeye alijua ni kwa nini Chun-sik hakugundua.

Miaka kumi na minne iliyopita, siku alipowapangia namba sita kwa mara ya kwanza, Chun-sik aliteremka na mkewe hadi chini, kisha akarudi mbio akijifanya amesahau kofia. Akaegemea meza ya mitambo na kunong'ona. "Kwenye hedifoni yangu, Mama Danbi mtoe." Hye-ran akauliza amshushe kiasi gani. "Mtoe kabisa. Sifuri." Hakusema kwa nini, na Hye-ran hakuuliza. Akashikilia kitufe sekunde tatu, akamhifadhi mke wa watu kwenye sifuri. Na majukwaani ilikuwa vivyo hivyo. Mafundi wa huko walimwambia kwamba Mwalimu Maeng, kama walivyomwita kwa heshima, husisitiza kwenye spika ya miguuni pake awekewe yeye mwenyewe na ala tu. Hye-ran aliliweka hilo kwenye fungu la vituko vya waimbaji. Bun-rye kwa upande wake aliomba kinyume chake: mumewe ajae masikio yote mawili, na sauti yake mwenyewe iwe ndogo tu kwa nyuma.

Kanuni ni kanuni: cha masikioni hakisemwi. Hye-ran akammiminia chai, akasema, "Sawa, dada," akajiona msaliti.

Chun-sik akaingia na baridi yake, pua nyekundu, mfuko wa vikeki moto vya kokwa za jozi mkononi. "Fundi Tak! Kila nikikuona umezidi kuwa kijana. Unakula nini? Mama Danbi, muulize anakula nini, na wewe ukale." Akacheka peke yake. Akamwekea mkewe kikeki mbele, kisha cha pili, kisha akakisogeza kile cha pili karibu zaidi kwa kidole kimoja. Bun-rye hakuvigusa.

Wakaingia kwenye chumba cha kurekodia. Sasa chumba kile kilikuwa na ugonjwa wake: jengo lilikuwa la zamani, na mabomba ya maji moto yaliyopita chini ya sakafu yalikuwa yameziba nusu. Upande wa boila sakafu ilikuwa na joto tamu la kumfanya mtu asinzie. Upande wa dirisha ilikuwa baridi kama kaburi. Tangu siku ya kwanza Chun-sik alikaa upande wa boila. Ndiye mkubwa, ndiye mwanamume, ndiye mwenye koo la kulalamika, na hakuna aliyewahi kulijadili jambo hilo. Kati ya viti viwili palisimama kizuizi cha mbao kilichojazwa sufi, chenye kioo katikati, ili sauti zisichanganyike lakini macho yaonane.

Chun-sik akafika kwenye kiti chake, akasimama. Akakitazama kiti, akalitazama goti la mkewe, akakohoa.

"Kaa huku."

"Huko ni kwako."

"Leo nina joto."

"Pua imekuwa nyanya, unasema una joto?"

"Mwanamke huyu! Nimesema nina joto. Kaa, miguu ipate moto, tumalize kazi." Na akaenda kukaa upande wa dirisha, akajikunja ndani ya koti.

Hye-ran, nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, moyo ukampasuka kwa furaha. Aliwajua wanaume wa rika lile. Mtu kama Chun-sik angebeba friji mgongoni mpaka ghorofa ya tatu kabla hajalitoa neno samahani mdomoni. Kutoa mahali pa moto ndiyo samahani yenyewe, tena iliyopigwa magoti. Kumbe kisa cha Jumamosi ile alikuwa ameambiwa na mtu. Bun-rye naye alielewa, maana alikaa bila kubisha tena, ingawa uso wake haukulegea. Samahani imechelewa, uso ule ulisema, lakini sakafu ni ya moto, nitaikalia.

Hye-ran akaingia haraka kuwahamishia vifaa kabla mmoja wao hajabadili mawazo. Kila mmoja alikuwa na maiki yake: ya Chun-sik nzito, ya kuzuia ule mshindo wa kifua chake, ya Bun-rye nyembamba na nyepesi. Akazihamisha zote mbili na stendi zake na nyaya zake, akapima urefu, akarudisha vigoda vya kuwekea maji. Akarudi mezani akiwa anatabasamu mwenyewe. Akabonyeza namba sita, mara moja, kama alivyozoea, na taa zikajipanga.

Maiki alihamisha. Hedifoni hazikuhama. Zilikuwa zinaning'inia ukutani, moja kila upande, na mtambo ulijua ukuta, haukujua nani kakaa wapi.

Wimbo wenyewe ulikuwa mpya, wa mume na mke wanaogombania blanketi moja usiku kucha, kila mmoja akilivuta upande wake, mpaka asubuhi wanagundua kwamba wamelala wamekumbatiana kwa ajili ya baridi. Kodiani ikaanza, ngoma zikaingia. Chun-sik akaanza, Bun-rye akapokea.

Mistari mitatu haikuisha. Chun-sik akazubaa, akapapasa hedifoni, akapotea kwenye noti, akanyamaza. "Fundi Tak! Mbona kuna mtu masikioni mwangu?" Lakini Hye-ran hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama Bun-rye, ambaye aliendelea kuimba, akaimba kwa nguvu zaidi, akagonga maiki kwa kucha, kisha akaacha.

"Maiki imekufa tena," alisema kwa sauti ya chini sana.

"Haijafa, dada. Nakusikia vizuri."

"Sijisikii. Namsikia yeye. Nasikia kodiani, nasikia ngoma. Mimi sipo."

Hapo Hye-ran akatazama meza, akatazama ukuta, akaelewa alichokifanya. Alikuwa na nafasi ya kudanganya, na kwa kweli alianza: "Samahani, nadhani waya ume..." Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya vitufe, angebadilisha pande mbili hizo kwa kufumba na kufumbua, na siri ingebaki siri.

Lakini Bun-rye hakuwa mtu wa kuambiwa kitu mara mbili. Alikuwa anakitazama kiti alichokalia. Akaitazama hedifoni mkononi mwake, akaufuata waya wake kwa macho mpaka ukutani.

"Hii ni ya Baba Danbi," alisema. "Fundi Tak. Hiki ndicho anachokisikia?"

Hye-ran akaziangalia taa za mtambo. Miaka kumi na minne ya kanuni, na kanuni ile sasa haikuwa na kazi nyingine ila kumtoa mtu jasho.

"Nakuuliza wewe. Ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu mtambo uingie."

Bun-rye akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata hesabu iliyokuwa imemsumbua. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. "Miaka kumi na minne," akamwambia mumewe kupitia kile kioo cha kizuizini. "Nimeimba na ukuta miaka kumi na minne. Na mimi nilidhani ni betri."

Chun-sik alikuwa amesimama, hedifoni ya mkewe bado kichwani, mdomo wazi. Alikuwa na mengi ya kujitetea, lakini lililomtoka lilikuwa lingine kabisa.

"Hii... Mama Danbi, hii ndiyo unayoisikiliza wewe?"

"Ina nini?"

"Ni mimi tupu! Nimejaa kama mafuriko. Wewe uko huko nyuma, mdogo kama mbu."

"Unataka nimsikilize nani? Wewe ndiye unayeyumba. Nisipokushika sikioni, nitajuaje umeelekea wapi nikufuate?"

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama jambo linalojulikana. Na labda ndiyo maana lilimpiga Chun-sik pabaya kuliko matusi. Akaketi. Akavua hedifoni, akaishika mapajani, akawa anaikunja na kuikunjua. Hye-ran alitamani kutoka nje awaache, lakini aliogopa hata kusogeza kiti.

"Sema," Bun-rye akamwambia. "Au na mimi nikupe sifuri?"

"Nikikusikia, siwezi kuimba."

"Unamaanisha nini?"

"Sauti ya pili inanishinda." Alikuwa anaziambia ndara zake. "Wewe unashika wimbo, mimi natakiwa kupita chini yako. Nikikusikia tu, nakufuata. Najikuta nimekuja kwako, tunaimba noti moja kama watoto wa chekechea. Au nasahau kabisa, nabaki nasikiliza. Ilikuwa hivyo tangu kule kiwandani."

"Kiwandani wewe ndiye uliyekuwa unanifundisha!"

"Ndiyo hapo sasa."

Chun-sik alikuwa amewatangazia watu miaka yote, kwenye kila jukwaa, jinsi alivyomwokota binti wa mashine za kufumia akamfundisha kuimba. Alikuwa na vichekesho sita kuhusu jambo hilo. Mtu wa namna hiyo angemwambiaje mkewe kwamba mwaka uleule wa kwanza mwanafunzi alishampita, na kwamba njia pekee ya kusimama pembeni yake bila kuaibika ilikuwa kuziba masikio? Hye-ran aliona shingo ya mzee ikiiva mpaka masikioni, akamwonea huruma, akamkasirikia, vyote kwa pamoja.

"Mpumbavu," Bun-rye akasema.

"Ndiyo."

"Mpumbavu mkubwa, mzee na mvi zako. Ungeniambia, ningekufundisha."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Bun-rye akageuka upande wa Hye-ran. Uso wake ulikuwa bado mkavu, lakini mdomo pembeni ulikuwa unahangaika. "Fundi Tak. Turudishie kila mtu kilicho chake. Yeye apate hedifoni yake. Halafu mimi unipandishe humo."

"Kiasi gani, dada?"

"Anza. Nitakuambia."

"Kidogo tu," Chun-sik akadakia. "Fundi Tak, kidogo, nizoee."

Hye-ran akabadilisha pande, kisha akaanza kukisogeza kitufe cha Bun-rye kutoka kwenye sifuri. Bun-rye akawa anaimba mstari mmoja huohuo, wa kulivuta blanketi, bila ala, huku anamtazama mumewe kwenye kioo.

"Nakusikia," Chun-sik akasema.

"Pandisha."

"Nakusikia, nimesema! Imetosha!"

"Pandisha, Fundi Tak."

"Mnaniua jamani."

"Hufi. Pandisha."

Sauti ilipofika pale Bun-rye alipopataka, kodiani ikaanza upya. Chun-sik akajikaza, akaimba ubeti wake wa kwanza kwa macho yaliyofumbwa kama mtu anayechomwa sindano. Kwenye kiitikio, kweli bwana, akapanda mpaka kwenye noti ya mkewe, wakaimba sauti moja kama watoto wa chekechea. Bun-rye hakusimama. Akaendelea, akimwonesha kwa kiganja, shuka, shuka. Mzee akashuka, akapitiliza. Kwenye ubeti wa pili hali ikawa mbaya zaidi: ilipofika zamu yake, Chun-sik hakuimba. Alikuwa amekaa mikono mapajani, macho kwa mkewe, anasikiliza tu.

Halikupotea hata neno moja. Bun-rye akaudaka mstari wa mumewe, akauimba yeye, wa chini, kwa lile koo zito la Kijiko, akarudi kwenye wake, akaenda hivyo akilivuta blanketi pande zote mbili mpaka wimbo ukaisha.

"Umenyamaza," akamwambia.

"Umegundua?"

"Nimegundua kabla hujanyamaza!" Na hapo akacheka, kicheko kikubwa ambacho Hye-ran hakuwahi kukipitisha kwenye mitambo yake, na sindano za vipimo zikaruka mpaka kwenye rangi nyekundu. Chun-sik akaanza kucheka naye, kisha akalazimika kutafuta leso.

Walirudia mara tisa. Mara ya tano, Bun-rye alisogeza kiti chake mpaka ukingo wa kizuizi, akanyoosha mkono, akawa anampigia mapigo kwenye goti. Mara ya saba Chun-sik akaishikilia sauti yake chini ya ile ya mkewe ubeti mzima, akashtuka mwenyewe, akapotea kwa furaha. Mara ya tisa walifika mwisho. Haikuwa kazi safi. Kwenye kiitikio cha mwisho kuna mahali anayumba kidogo, ukisikiliza kwa makini. Hye-ran alisikiliza kwa makini, na hakutaka kupagusa.

Wakati wanavaa makoti, Chun-sik akaja mezani, akainama karibu na sikio la fundi, vilevile kama mwaka ule wa kofia.

"Fundi Tak. Huu mpangilio mpya uhifadhi kwenye namba nyingine, eh? Ule wa zamani uache palepale. Mtu hajui. Siku nikiwa na mafua..."

"Nafasi zipo, Mwalimu," Hye-ran akasema. Na kwa sababu siku hiyo kanuni yake ilikuwa imeshapigwa teke, akaongeza kwa sauti ya kawaida, ya kusikika chumba kizima: "Nikihifadhi juu ya namba sita, ule wa zamani unafutika. Haurudi tena. Amueni nyie."

Bun-rye alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Alimtazama mumewe, akangoja, na Hye-ran akaelewa kwamba mwanamke yule hangoji jibu la mtambo. Anangoja kujua kama jioni hii ataenda Daejeon au nyumbani.

Chun-sik akakitazama kile kitufe kwa muda.

"Juu ya sita," akasema. "Futa ule."

Bun-rye akavaa kiatu cha pili, akakifunga taratibu. "Tarehe kumi na nne tuna harusi ya mtoto wa Mama Gap-sun," alisema. "Wewe Baba Danbi ndiye utakayemwambia fundi wa huko aniweke kwenye spika yako. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Nami nitakuwa nimesimama hapo."

"Nitamwambia."

"Na kuanzia kesho, kila asubuhi, saa moja, sauti ya pili."

"Saa moja ni mapema, Mwalimu," Chun-sik akasema, na alipoisikia ile 'Mwalimu' iliyomtoka akainama, akashughulika na vifungo vya koti.

Hye-ran akaweka kidole kwenye namba sita, akakishikilia. Moja. Mbili.

"Ngoja!" Bun-rye akaita, na wote wawili wakashtuka. Akarudi na viatu vyake mpaka juu ya zulia, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya kwenye studio ile, akainama juu ya mtambo, akautazama ule mstari wa taa ulioonesha sauti yake ndani ya masikio ya mumewe.

"Pandisha kidogo tena," alisema. "Ndipo uhifadhi."